Picha Iliyokata Miguu ya Mama Prezidante

Mama Prezidante aliingia studio yangu mwezi uliopita, asubuhi moja yenye vumbi, akawapita watu wote waliokuwa kwenye foleni ya fotokopi, akakaa kwenye kiti cha picha za vitambulisho bila kukaribishwa na mtu. Hivyo ndivyo alivyoingia kila mahali maisha yake yote, na kwa hilo tu nilimtambua kabla sijauona uso wake vizuri, maana mwili wenyewe ulikuwa umepungua nusu. Jina lake ni Beatrice. Prezidante tulimwita kwa sababu alikuwa mkuu wa kwaya yetu ya parokia hapa Bunia, cheo alichokishika muda mrefu kuliko wakubwa wengi ninaowafahamu, na aliporudi kuishi kwao milimani, upande wa Bule, cheo kikamfuata huko huko. Sasa alikuwa amekimbilia tena mjini kama wengi walivyokimbilia, na bunda moja la nguo, akilala chumba kimoja na wajukuu wa dada yake. Alinitazama, akaitazama kompyuta yangu, akaitazama mashine ya fotokopi kana kwamba ndiyo inayokula nafasi yake.

"Alphonsine, mama," akasema, "nimekuja kutafuta foto yangu."

"Foto gani, Mama Prezidante?"

"Ile nilikataa. Zingine zote ziliungua na nyumba. Ile moja tu haikuungua, ju haikukuwa kwangu."

Nilimwambia nitaitafuta. Sikumwambia kwamba ile picha ndiyo iliyoniliza kuliko picha nyingine zote nilizowahi kupiga, wala kwamba kwa muda mrefu baada yake nilikuwa nikimwona barabarani navuka upande wa pili, hata kama upande wa pili kuna matope. Mimi ni mtu wa kinyongo, kidogo tu, ila nakitunza vizuri. Wala sikumwambia jambo kubwa zaidi, kwamba sikujua hata chembe kama ile picha bado ipo duniani. Aliinuka, akasema atarudi wiki ijayo, akawaaga watu wa foleni kama wageni wake, na mimi nikabaki nimeshika karatasi ya mtu mkononi, akili yangu imekwisha kwenda mlimani.

Mwaka ninaousema, vita vilikuwa vimepumzika. Hakuna aliyejua kama vimelala au vimekufa, na watu hawakutaka kuuliza kwa sauti. Malori yalianza tena kushuka Kasenyi na kurudi na samaki, sokoni kukawa na viazi vya milimani, na watu wakakumbuka kwamba kuna mambo kama kuoa, kubatiza na kupiga picha. Sitaeleza nilizaliwa na nani. Wazazi wangu walikuwa watu wema na hawahusiki kabisa. Kinachohusika ni chumba cha Papa Ildefonse, fundi wa picha aliyenichukua kazini nikiwa msichana ambaye hata ndevu za mahindi sikuwahi kuzipiga picha. Kilikuwa chumba kimoja kilichokatwa na pazia jekundu. Mbele ya pazia palikuwa na kioo chenye ufa, kopo la poda, na kitana kilichofungwa kwa kamba kwenye msumari, kwa sababu vitana vya kwanza vilikuwa vimeondoka na wateja. Palikuwa pia na koti moja la suti, jeusi, kwa wanaume waliohitaji picha ya kitambulisho. Nusu ya wanaume wa Bunia wa miaka ile wamo kwenye vitambulisho vyao wamevaa koti lile lile, wanene na wembamba, na hata mahasimu wamelivaa kwa zamu bila koti kujali. Nyuma ya pazia ndiko kulikuwa na studio yenyewe: kitambaa kikubwa kilichochorwa bahari, kimechakaa mpaka bahari inaonekana imekauka, na vitu vya kushika mkononi. Vitu hivyo vilikuwa simu ya mezani isiyo na waya, redio isiyo na mashine ndani, na chupa ya maua ya plastiki ambayo nilikuwa naiosha kila Jumamosi kwa sabuni.

Papa Ildefonse alikuwa na sheria nyingi, lakini moja ilikuwa juu ya zote. Mtu aliyepigwa picha lazima aonekane wote. "Foto ni mutu muzima," alikuwa akiniambia, "kuanzia kichwa mupaka kiatu. Ukikata muguu ya mutu, umemuzika nusu. Nusu ya mutu ni ya serikali na ya matanga." Alikuwa na maana kwamba picha ya kuishia kifuani ni ya kitambulisho, au ile inayowekwa juu ya jeneza, na mteja yeyote mwenye akili timamu hatatoka nyumbani amejipaka mafuta ili apigwe picha kama maiti au kama mtuhumiwa. Hii haikuwa sheria yake peke yake. Mji mzima ulikuwa hivyo. Watu walikuwa wakiipokea picha, na kabla ya kuangalia uso wanaangalia chini. Kama viatu vipo viwili, wanatabasamu. Kama macho yamefumba, hiyo wanasamehe.

Kazi yangu ilikuwa kuchota maji ya kuoshea picha, kuwaambia wanawake wainue kidevu, na kushika taa. Nilichokuwa nataka ni kamera. Nilikuwa naitaka kiasi kwamba nilipokuwa nachota maji kisimani niliweka vidole viwili jichoni na kuwapima watu waliokuwa wakipita, na majirani wakamwambia Papa Ildefonse kwamba msichana wake ana ugonjwa wa macho. Kamera ilikuwa moja tu, na ilikaa shingoni mwake hata akila.

Bahati yangu ililetwa na Prof Anselme, mwalimu wa jiografia aliyekuwa pia anapiga kinanda kwenye kwaya. Miaka yote ya vita alikuwa ametufundisha Milima ya Bluu kwa chaki ubaoni, mstari unaopanda, mstari unaoporomoka, halafu ziwa, bila kuweza kutoka nje ya mji hata kuangalia kama chaki yake inasema kweli. Siku njia zilipofunguliwa, alisimama kwenye mazoezi ya kwaya akatangaza kwamba tutaenda kwa lori mpaka upande wa Bule, halafu tutatembea kwa miguu siku kadhaa juu ya mgongo wa milima, tukiimba vijijini na kulala kwa watu, mpaka tuteremke ziwani, tufike Kasenyi na kurudi mjini na malori ya samaki. Ndipo Mama Prezidante, ambaye wakati ule alijaza kiti na nusu ya kiti cha jirani, akasema njia hiyo inapita kwa mama yake mzazi, ambaye hajamwona tangu vita vianze, na kwamba yeye atakuwa wa kwanza. Mara hiyo safari ikawa imepitishwa, na ikaamuliwa kwamba lazima kuwe na picha, kwa sababu vinginevyo ni nani atakayeamini?

Papa Ildefonse magoti yake yalikuwa hayapandi hata ngazi ya kanisa. Alinikalisha kwenye kiti cha kitambulisho, akaitoa kamera shingoni mwake taratibu sana, akaiweka shingoni mwangu, halafu hakuachia mkanda.

"Sikia," akasema. "Ukirudi na kila mutu anafurahia foto yake, hii apareye inabakia hapa kwa shingo yako, miye nitakaa kwa mulango napokea bateja. Mutu moja tu akikataa foto, unarudilia maji. Umesikia?"

"Nimesikia, Papa."

"Na ubebe simu na maua. Mulimani kuko nini ya kushika mu mukono?"

Ndiyo sababu nilipanda Milima ya Bluu na simu ya mezani na chupa ya maua ya plastiki ndani ya gunia. Nyuma ya lori waimbaji wa sauti ya besi walikaa pamoja, chini ya uongozi wa Kizito, kijana mrefu mwenye suti yake ndani ya mfuko wa nailoni, na walikuwa wakisema wazi, katika sauti wanayoiita ya chini, kwamba Mama Prezidante atarudi na lori lile lile. Mama Prezidante alikuwa amekaa mbele yao juu ya gunia la maharage, beseni mapajani. Ndani ya beseni, chini ya kitenge kipya, kulikuwa na viatu vyekundu vya kisigino kirefu alivyovinunua kwa ajili ya safari hii, na kila lori liliporuka shimo alivishika kwanza vyenyewe, halafu ndipo akajishika mwenyewe.

"Kizito, mutoto yangu," akasema bila kugeuka, "unasema nitarudi na lori?"

"Hapana, Mama Prezidante. Siye tulikuwa tunaongea mambo ya mvua."

"Mvua, sawa. Nitatembea na miguu yangu mupaka Kasenyi. Alphonsine atapiga foto, mutaona hiyo miguu."

Basi nikajua kazi yangu. Kila mtu mwingine alitaka picha. Mama Prezidante alitaka ushahidi.

Mpaka leo watu wakiniuliza kuhusu safari ile wanatarajia nieleze ukubwa wa milima, na mimi nakumbuka hasa vyakula. Nakumbuka bugali moto na sombe, majani ya mhogo yaliyotwangwa, kwenye nyumba ya katekista mmoja, sote tumekaa juu ya mkeka, mvua inapiga bati mpaka tukawa tunaombana chumvi kwa mikono. Nakumbuka viazi vilivyochemshwa na maganda yake, na maziwa yaliyoganda, ambayo Prof Anselme aliyakataa kwa adabu siku ya kwanza na kuyaomba bila adabu siku zilizofuata. Nakumbuka pia mazungumzo ya wanawake jikoni, nikiwa nimelala upande wa pili wa ukuta wa udongo, wakijadili kama msichana anayeshika kamera anaweza kupata bwana, na Mama Prezidante akiwajibu kwamba bwana atapatikana, shida ni kumpata bwana anayejua kusimama wima. Wakacheka mpaka chungu kikaungua. Niliyapenda maisha yangu yote kwa dakika ile, na sijui namna nyingine ya kulisema jambo hilo.

Kuhusu picha, tulipata shida ambayo Papa Ildefonse hakuifikiria. Mlima hauna sakafu. Mtu akisimama vizuri, mguu mmoja uko juu, mwingine umezama kwenye majani, na ili miguu yote miwili ionekane ilibidi niwapange watu mahali palipo tambarare na pasipo na majani, yaani uani mwa nyumba za watu, mbele ya ukuta. Kila tulipofika mahali penye mandhari ya kushangaza, kilele juu ya kilele mpaka mbali, watu walitazama kidogo, wakasema ni pazuri, halafu wakauliza ukuta uko wapi. Wakavaa. Suti zilitoka mifukoni, poda ikatoka, na wanakwaya waliopanda wakiwa wamepaka matope mpaka magotini wakasimama kama wanaenda kutawazwa, wameshika maua ya plastiki huku maua ya kweli, ya manjano, yanawagusa suruali. Kizito alitaka simu. Alipigwa picha juu ya mgongo wa mlima ambako hata redio haikushika, mkono wa simu sikioni, uso umekunjamana kama mtu anayepewa habari nzito kutoka Kinshasa. Vijana wa kijiji walikaa kimya kusubiri amalize kuongea.

Mara moja nilijaribu kupiga mlima peke yake. Ukungu ulikuwa umefunguka, nikainua kamera, na mara sauti ikatoka nyuma yangu.

"Alpho, nani aliagiza foto ya mulima?" Alikuwa Kizito.

"Hakuna mutu."

"Basi acha. Mulima itakuwa hapa kesho. Piga batu."

Nikaiteremsha kamera. Filamu zilikuwa chache, na ni kweli hakuna aliyeagiza mlima. Na wakati wote huo Mama Prezidante alikuwa akitembea. Alitembea pekupeku, beseni kichwani, viatu vyekundu ndani yake vimefunikwa visipate ukungu. Hakwenda haraka, wala hakukaa. Besi, ambao walikuwa wamebeba ngoma, suti, na pombe kidogo ambayo Prof alijifanya haioni, walianza mbele yake kila asubuhi, na kila jioni tuliwakuta kando ya njia wamevua viatu, na yeye anawapita akiwapa pole. Kufikia katikati ya safari hakuna aliyezungumza tena habari za lori.

Kwa mama yake tulifika siku ya mwisho ya milimani, kabla ya njia kuanza kuteremka. Ilikuwa nyumba ya bati kwenye ubavu wa mlima, na mikaratusi pembeni, zizi la ng'ombe, na kijia kilichoshuka kwenye maji. Bibi alikuwa mdogo sana. Alimshika binti yake usoni kwa mikono miwili, akamwambia amekonda. Besi wote wakaangalia chini. Asubuhi yake tulikunywa maziwa tukiwa tumesimama, na Mama Prezidante akaingia nyuma ya zizi na beseni, akatoka amevaa kitenge kipya na viatu vyekundu, akapita uani akikanyaga kwa uangalifu wote, akakataa ukuta. Alisema anataka kusimama pale ukingoni, watu wajue yuko juu. Akasimama. Kisigino cha kulia kikazama. Akaking'oa, kile cha kushoto kikazama. Palikuwa mahali ng'ombe walipolala, na alipomaliza kujipanga alikuwa amepandwa kama mhogo, samadi mpaka juu ya vifundo, na hakuna chekundu kilichobaki kuonekana.

"Piga," akasema, "nisianguke."

Hapo ndipo ukungu ulipoondoka nyuma yake. Uliondoka wote kwa pamoja, na nikaona kitu ambacho sijakiona tena: bati la nyumba ya mama yake begani mwake likiwa limelowa na kung'aa, kijia, mikaratusi, halafu mgongo mmoja wa mlima nyuma ya mwingine, kila mmoja bluu kupita uliotangulia, na chini kabisa, mbali, ziwa. Filamu ilikuwa imebaki picha moja. Niliangalia viatu, nikaona samadi. Niliangalia juu, nikaona dunia yote. Nikainua kamera kidogo, halafu kidogo tena, nikabonyeza.

"Imeingia?" akauliza.

"Imeingia yote, Mama," nikasema, na mimi nilikuwa nazungumza habari za mlima.

Kuhusu kushuka ziwani sina picha, kwa kuwa filamu zilikuwa zimekwisha. Nina Prof Anselme kichwani tu, amesimama pale ardhi inapokatika ghafla, ziwa lote chini ya miguu yake kama alivyolichora ubaoni, na wanafunzi wake wa zamani wanasubiri somo. Hakutoa somo. Alisema, "Basi iko," akapangusa miwani yake kwa shati muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji, akatangulia kuteremka.

Mjini Papa Ildefonse alizipanga picha zote mezani, akavaa miwani, akakagua chini tu, jozi kwa jozi. Alikuwa anafurahi kadiri anavyoendelea. "Muzuri," akasema. "Ukuta iko safi. Hakuna kitu nyuma inasumbua macho." Alikuwa sahihi. Ungeweza kuapa kwamba kwaya nzima ilikwenda kupigwa picha nyuma ya soko. Halafu akafikia ya Mama Prezidante, akaigeuza kuangalia kama miguu iko upande wa pili.

Mama Prezidante mwenyewe alifika mchana, na besi nyuma yake, kwa maana alikuwa amewaalika kuja kuiona. Aliipokea picha kwa mikono miwili. Akaangalia chini.

"Alphonsine," akasema polepole, "weye kule mulimani ulinikuta na miguu ao bila miguu?"

"Na miguu, Mama."

"Na nilitembea na nini?"

Kizito alikuwa anaangalia kitana.

"Batu bataona hii, batasema Beatrice alibebwa. Batasema alisimama mu beseni." Akaiweka picha mezani kifudifudi. "Hii hapana mimi. Sikamate."

Nilijaribu kumwonyesha mlima. Niligeuza picha, nikaweka kidole kwenye ziwa, nikasema, angalia, Mama, nyumba ya bibi hii hapa. Akaniambia nyumba ya mama yake anaijua, amezaliwa ndani yake, hahitaji kuonyeshwa. Kuhusu samadi nilinyamaza. Ungemwambia nini mtu aliyetembea vile, kwamba ushahidi wake ulikuwa umezama kwenye kinyesi cha ng'ombe? Papa Ildefonse alinyoosha mkono, nikavua kamera. Nililia nyuma ya pazia jekundu, sauti ya chini, na nililia hasa kwa sababu nilijua ile picha ni nzuri na hapakuwa na mtu mmoja mjini wa kuniambia hivyo.

Adhabu yangu haikuwa maji. Papa Ildefonse alifikiri siku mbili, akasema kwa kuwa napenda kukata watu, nitapiga vitambulisho, ambako kukata kunaruhusiwa. Nikakaa miezi nikivisha watu koti jeusi. Na ile picha akampa Zakayo, mchoraji wa mabango. "Foto ni mubaya," alimwambia, "lakini mulima iko muzuri. Nichoree ile, bila mama." Bahari iliyokauka ikashushwa, na Zakayo akachora Milima ya Bluu kwenye kitambaa kipya. Kwa kuwa aliwajua wateja, akaongeza barabara ya lami, mabata wawili weupe juu ya ziwa, na ndege ya abiria. Wa kwanza kupigwa picha mbele yake, bila kulipishwa, alikuwa Mama Prezidante, kwa ajili ya amani. Alisimama juu ya saruji, viatu vyekundu vimesuguliwa, miguu yote miwili imemulikwa na taa.

"Na hii ndege inaenda wapi?" aliuliza.

"Inapita tu, Mama," akasema Zakayo.

Aliipenda sana picha hiyo. Alipohamia kwa mama yake kumwuguza aliichukua imewekwa kwenye kioo, akaitundika sebuleni, kwa hiyo kwa miaka mingi kwenye nyumba ile ilikuwepo picha ya mlima wa uongo ukutani, na wa kweli dirishani. Kamera nilikuja kuipata macho ya Papa Ildefonse yalipochoka, halafu studio yenyewe alipofariki. Halafu vita vikaamka. Upande ule watu walitoka na walichovaa, na nyumba nyingi hazina hata ukuta wa kusimama mbele yake. Mimi sijarudi juu kule tangu safari ile. Kizito alisema mlima utakuwepo kesho, na nadhani upo, ila njia ndiyo haipo.

Nilitafuta wiki nzima. Negatifu nilikuwa nazitunza kwenye makopo ya maziwa ya unga, na la mwaka ule nilipolifungua zilikuwa zimeshikana zikawa kitu kimoja kama andazi. Nilikwisha kukata tamaa nilipokumbuka kitambaa cha Zakayo, ambacho siku hizi kimeegemezwa ukutani nyuma ya fotokopi, kwa kuwa watu wanajipiga wenyewe kwa simu. Niliivuta fremu yake ya mbao nikaigeuza. Nyuma yake, pale Zakayo alipoipigilia misumari midogo alipomaliza kuchora, isipotee, picha ilikuwa bado ipo. Alikuwa ameichora miraba ya kalamu ya risasi juu yake yote, ndivyo wanavyofanya ili wakuze mchoro, na kulikuwa na alama ya kidole chake cha rangi ya bluu angani.

Mama Prezidante alirudi kama alivyoahidi, akapita foleni, akakaa. Nilimpa. Nikasubiri aangalie chini, nikiwa tayari kabisa na majibu niliyoyapanga miaka yote ile.

Hakuangalia chini. Aliisogeza picha karibu na uso. "Balinitia mu wavu," akasema juu ya ile miraba. Halafu ukucha wake ukapita begani mwake mwenyewe bila kusimama, ukaenda nyuma. "Hii njo bati ya mama. Hii njo njia ya maji. Hapa ni mikaratusi ya papa, hii ya mwisho iliangukaka na mvua. Hapa chini ndiko tulimuzika mama." Akaendelea, mlima kwa mlima, akiitaja kila mmoja kwa jina nisilolijua, na watu wa foleni wakanyamaza kama vijana wale walivyomsubiri Kizito amalize kuongea kwenye simu. Kinyongo changu nilichokitunza vizuri nilikitafuta nikakikosa.

Nilimwambia kwamba mistari naweza kuifuta kwenye kompyuta. Na kwa sababu mimi ni mimi, nikaongeza, "Na miguu pia, Mama. Siku hizi tunaweza kukutafutia miguu, tunaitia chini. Hata viatu nyekundu."

Alinitazama, halafu akaitazama miguu yake ndani ya sandali za plastiki, yenye vumbi la njia yote aliyoipita kuja Bunia.

"Miguu niko nayo, mama," akasema. "Mulima njo sina tena."

Nikaichukua picha, nikaiweka kwenye mashine iingie kwenye kompyuta, na watu wa foleni wakasubiri. Nikaanza kufuta mistari, mmoja baada ya mwingine, nikianzia kule nyuma, kwenye bati.